Gauni la Kona ya Nyumbani

Mwalimu Kageha alikuwa akimmenyea mtoto mmoja ndizi pale wasichana wawili walipomjia mbio, mmoja akimvuta sketi, mwingine akinyoosha kidole kuelekea nyuma ya darasa.

"Teacher! Teacher! Lazaro amevaa nguo ya wasichana!"

Kageha aligeuka. Kule nyuma ndiko kulikokuwa na kona ya nyumbani: sufuria kuukuu, jiko la mbao, kitanda cha mwanasesere, na kapu la nguo za kuigizia walizotoa wazazi. Lazaro alikuwa amesimama katikati ya vitu hivyo, ndani ya gauni la kijani lenye marinda meupe, lile la harusini wanalovalishwa watoto wanaomtangulia bibi harusi wakimwaga maua. Lilimfika kwenye vifundo vya miguu. Wavulana wengine walikuwa wamewahi kulivaa kwa mzaha, wakazunguka nalo darasani wakichekwa, kisha wakalitupa. Lazaro hakuwa anachekesha mtu. Alikuwa anaangalia chini, anatazama jinsi kitambaa kinavyotanda. Akajizungusha polepole. Marinda yakafunguka, na uso wake ukapata utulivu ambao Kageha hakuwa ameuona tangu mtoto huyo aletwe shuleni mwezi wa kwanza.

Darasa likanyamaza kumngojea mwalimu aseme. Watoto wa miaka minne hawajui sheria nyingi, lakini uso wa mwalimu wanaujua vizuri.

"Nguo za kona ni za kila mtu," Kageha alisema. "Haya, nani anapika leo? Wageni wamefika na sima bado."

Basi wakarudi kwenye michezo yao, jambo likawa limeisha. Au yeye aliona limeisha.

Nuru Njema ilikuwa shule ndogo ya chekechea nyuma ya kanisa moja, pembeni mwa mji wa Kakamega, mabati juu na sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu. Kageha alikuwa amefundisha hapo miaka kadhaa. Chuoni waliambiwa kwamba mchezo ndio kazi ya mtoto, naye aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Hawakuambiwa mwalimu afanye nini mchezo ukishageuka kuwa kesi ya watu wazima.

Lazaro alikuwa mmoja wa wale watoto wanaomnyima mwalimu usingizi. Kila asubuhi alilia getini, akashika fito za chuma kana kwamba anafungwa jela. Darasani hakusema neno. Akiulizwa jina alitazama viatu. Lakini tangu siku ile ya gauni, mdomo ulifunguka. Akishalivaa tu, alikuwa mama mwenye duka. Mama yake, Emily, aliuza dawa na vyakula vya mifugo kwenye agroveti moja karibu na stendi, na mtoto alikuwa ameyashika maneno ya pale yote.

"Ng'ombe yako inakohoanga?" alimuuliza mwenzake kwa sauti nzito ya mtu mwenye shughuli. "Hii unachanganya na maji. Usimpee nyingi, atakufa."

Kageha alilazimika kugeukia ubao ili asionekane akicheka. Zipu ya gauni ilikuwa mgongoni, na mikono ya mtoto haikuifikia, kwa hiyo kila siku baada ya uji Lazaro alimjia, akamgeuzia mgongo bila kusema kitu, naye akamfunga.

Siku moja Emily alikuja kumchukua mapema. Kageha alimwona amesimama mlangoni na koti lake jeupe la dukani, anamtazama mwanawe akiwagawia wageni chai ya hewa. Hakukasirika. Alichomwona nacho usoni kilikuwa hofu, tena hofu ya zamani, ya mtu aliyekuwa akijua kwamba siku hiyo ingefika.

Walitoka barazani.

"Ameanza lini?" Emily aliuliza.

"Wiki chache zilizopita. Mama Lazaro, hapa sisi huwaacha wacheze. Hakuna ubaya."

"Najua hakuna ubaya." Emily aliangalia huku na huku. "Hata nyumbani anachukuanga leso zangu. Anajifunga, anajiangalia kwa kioo cha kabati. Tangu alipojua kutembea. Mimi humwacha, baba yake akiwa kazini. Akisikia pikipiki ya baba yake, anaifungua leso mwenyewe, anaificha chini ya mto. Sikumfundisha kuificha, Mwalimu. Alijua tu."

Kageha aliurudishia mlango wa darasa kidogo.

"Baba yake hajui," Emily aliendelea. "Nakuomba sana, akikuuliza chochote, usimwambie kuhusu nyumbani. Makhanu si mtu mbaya. Lakini hilo hapana. Atasema ni mimi nimemharibu."

"Unataka nimkataze?"

Emily aligeukia mlango. Ndani walisikia sauti ya Lazaro ikimwambia mtu kwamba kuku zake zina minyoo.

"Unamsikia anavyoongea?" alisema mwishowe. "Nyumbani haongei hivyo. Ukimkataza, atarudi kunyamaza. Ukimwacha, watu wataona. Mimi mwenyewe sijui, Mwalimu. Wewe ndiye umesomea watoto."

Wakakubaliana hivi: avae wakati wa mchezo, na alivue kabla wazazi hawajaanza kufika. Ilionekana njia nzuri. Hakuna aliyenyimwa kitu. Lakini siku iliyofuata, Kageha alipoinama kumvua na jua bado liko juu, mtoto alimuuliza:

"Kwa nini nalitoa na wengine bado wanacheza?"

"Gauni limechoka. Linataka kupumzika."

Lazaro aliligusa gauni kwa kiganja, kama anayepima homa. Kesho yake hakuuliza tena. Alipoona kivuli cha mtu getini alikuja mwenyewe mbio, mgongo mbele, afunguliwe zipu. Kageha alielewa kwamba yeye, mwalimu aliyesema nguo ni za kila mtu, sasa alikuwa anamfundisha kujificha, na mtoto alikuwa mwepesi wa kujifunza.

Alifikiria kwenda kwa mwalimu mkuu, Madam Alice, wazungumze kabla mambo hayajaharibika. Lakini angeanzia wapi bila kutaja nyumbani kwa Emily? Akaahirisha. Mambo kama hayo, ukiyaahirisha, hayakungoji.

Mvua ndiyo iliyowafichua. Kakamega huwa na mvua ya mchana, lakini siku hiyo iliwahi, ikaja na mawe, na wazazi waliokuwa njiani wakakimbilia darasani wote kwa pamoja, viatu vikilia maji. Mabati yalipiga kelele hivi kwamba hakuna aliyesikia mlango ukifunguliwa. Kageha alikuwa kwenye dirisha akizuia maji kwa kipande cha turubai. Alipogeuka, Mama Mitchel, ambaye binti yake alikuwa mmoja wa wale wasichana wawili, alikuwa ameshainua simu.

"Haki huyu si mtoto wa Makhanu wa mageti?" alisema, akicheka. Huenda hakukusudia mabaya. Watu wengi hawakusudii.

Lazaro alisimama na sufuria mkononi. Alimtafuta Kageha kwa macho, akamgeuzia mgongo pale pale alipokuwa, mbali, ng'ambo ya watu wote, akingojea zipu.

Kabla ya giza kuingia picha ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mmoja aliuliza kama hiyo ndiyo silabasi mpya. Mwingine akasema tunalipa pesa watoto wafundishwe tabia za nje. Mzazi mmoja, Chrispinus, aliandika kwamba ni mtoto anacheza, muacheni. Akajibiwa na watu wengi kwa mara moja, akanyamaza. Halafu kukaja mistari ya Biblia. Kageha alikuwa kwenye kundi hilo kama mwalimu wa darasa. Aliandika: "Wazazi, naomba tufute picha ya mtoto." Akaisoma mara nyingi kabla ya kuituma. Akaituma. Hakuna aliyejibu, na picha haikufutwa.

Asubuhi Madam Alice alimwita. Alikuwa mama mzima, mwenye miwani ya kamba, aliyeanzisha shule hiyo kwa watoto wachache na akiba yake ya uzeeni, na Kageha alimpenda.

"Mimi sikulaumu," Madam Alice alisema. "Lakini wazazi wa watoto watano wamenipigia simu wakisema wanahama. Mchungaji naye amepiga. Hii ardhi ni ya kanisa, unajua. Baba Lazaro yuko njiani. Tafadhali, mwanangu, tuyamalize leo."

Makhanu aliingia na mkewe na mtoto. Alikuwa mtu mrefu, fundi wa kuchomelea mageti ya chuma, mwenye makovu madogo ya cheche mikononi. Kageha alikuwa amejiandaa kwa makelele. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, magoti yakiwa juu, akamweka Lazaro mbele yake. Mtoto alikuwa amenyolewa upara. Sikio moja lilikuwa na mchubuko wa wembe.

"Mwalimu, sijakuja kupigana," alisema. "Nataka unisikie. Wewe utakaa na huyu mtoto mpaka shule ifungwe mwisho wa mwaka, halafu upewe wengine. Mimi nitakaa naye. Nikiwa kijana, pale tulipokuwa tunaishi, kulikuwa na jirani yetu anatembea hivi, anaongea hivi. Hakuwa amemkosea mtu. Wakamngojea jioni akitoka sokoni. Mimi nilikuwa pale pembeni, niliona walichomfanya. Aliishi, lakini jicho moja hakuona tena. Sasa huyu wangu akifika umri ule, wakimngojea, wewe utakuwa wapi?"

Kila alilosoma kuhusu watoto lilimpitia kichwani, na hakuna hata moja lililomfaa baba huyu.

"Baba Lazaro, ana miaka minne," alisema. "Anacheza tu."

Lilipomtoka neno hilo, "tu", alijisikia amemwacha mtoto mkono. Alijua haikuwa mchezo tu. Alijua pia hakuweza kusema ilikuwa nini, kwa sababu hakuna ajuaye, na mtoto mwenyewe hajui bado, na hiyo ndiyo ilikuwa haki yake, asijue bado.

"Na nani alimwanzisha?" Makhanu aliuliza. Alimgeukia mkewe. "Nyumbani?"

"Nyumbani hajawahi," Emily alisema upesi. "Hata siku moja." Alikuwa anamwangalia Kageha, na macho yake yalikuwa yanapiga magoti.

Makhanu alimshika mwanawe mabega. Alimshika kwa upole. Kageha alilazimika kukubali hilo. "Lazaro. Baba hatakuchapa. Niambie, nani alikuwa anakuvalisha hiyo nguo?"

Lazaro alimtazama mama yake. Emily alikuwa ameinamisha uso, anakunja mkanda wa mkoba. Mtoto akainua kidole, kidogo, hakikufika juu, akamwonyesha Kageha.

Na kweli, nani mwingine alikuwa akimfunga zipu?

"Mwalimu, una la kusema?" Madam Alice aliuliza.

Alikuwa nalo. Sentensi moja. Ilikuwa ya kweli, na ingemsafisha mbele ya mwajiri wake na mbele ya kundi zima la wazazi. Ila sentensi hiyo ingerudi na Emily nyumbani kwake, ikaingia naye jikoni, ikalala naye kitandani.

"Ni mimi," Kageha alisema.

Makhanu alishusha pumzi. "Asante kwa kusema ukweli."

Emily hakuinua uso.

Kageha alidhani imekwisha. Lakini Madam Alice, kwa nia yake njema ya kuyamaliza, aliegemea mbele. "Basi Mwalimu, ni vizuri umwambie mtoto wewe mwenyewe. Wewe ndiye anakusikiliza. Akisikia kwako atashika."

Wote wakamgeukia. Nje darasa lake lilikuwa likiimba na msaidizi, wimbo wa siku za juma, wakiruka Alhamisi kama kawaida yao. Kageha alichuchumaa mbele ya Lazaro ili macho yao yawe sawa, vile alivyofunzwa kufanya unapotaka mtoto akuamini.

"Lazaro," alisema. "Gauni ni nguo ya wasichana. Wewe ni kijana. Hutalivaa tena. Sawa?"

Mtoto alimwangalia, anafikiri. Hakulia.

"Lakini ulisema ni za kila mtu."

"Nilikosea," Kageha alisema.

Lazaro akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyeelezwa vizuri.

Wiki haikuisha kabla hajahamishwa. Makhanu alimpeleka kwa mama yake mwenyewe, huko Lugari, kwenye shamba la mahindi, ambako kulikuwa na binamu wakubwa wa kiume watano na shule ya msingi ng'ambo ya barabara. Kule, alisema, mtoto angekaa na wanaume, achunge ng'ombe, apate nguvu. Emily alibaki Kakamega na kazi yake. Kageha aliyasikia hayo kwa Madam Alice, ambaye aliyasikia kwa mchungaji.

Kona ya nyumbani ikabomolewa. Haikufungwa, Madam Alice hakutaka kusema imefungwa, iligawanywa. Sufuria na mwanasesere vikaenda upande wa dirisha kwa wasichana. Wavulana wakapewa matairi na gari la mbao upande wa mlango. Kapu la nguo lilitoweka, na hakuna mtoto aliyeuliza liliko. Shitanda, mvulana mnene mchangamfu aliyependa kupika kuliko kula, alisimama siku mbili tatu katikati ya darasa, akiangalia huku na huku, kisha akaenda kwenye matairi. Wale watoto watano hawakuhama tena. Mama Mitchel alimletea Kageha mkungu wa ndizi, akasema hakujua mambo yangefika huko, akaketi nusu saa nzima akieleza jinsi ambavyo hakujua.

Kageha alijiuliza aende kwa nani. Ofisi ya watoto? Aende aseme nini, kwamba mtoto amepelekwa kwa nyanya yake, analala, anakula, anasoma? Hakuna aliyempiga. Baba yake anampenda. Ukitafuta mkosaji kwenye jambo hilo ulirudi mikono mitupu, na mtoto alikuwa amekwenda. Akiwa peke yake aliyapanga upya maneno ambayo angemwambia Makhanu siku ile. Yalikuwa mazuri zaidi kila mara. Hayakuwa na pa kwenda.

Muhula ulipokaribia kwisha, Emily alitokea shuleni wakati wa uji, na koti lake la dukani. Alikuwa amekonda. Walisimama barazani tena.

"Kukhu yake, yule nyanya wa Lugari, amenipigia," alisema. "Anakojoa kitandani, na alikuwa ameacha kitambo sana. Haongei. Akiulizwa anatikisa kichwa, ndiyo ama hapana, basi. Wenzake wanamwita Bubu. Nimemwambia baba yake twende tumchukue, anasema tumpe muda, atazoea." Alitoa simu mfukoni. "Nikafikiri, labda akisikia sauti yako. Alikuwa anakupenda sana."

Kageha alitaka kukataa. Alikumbuka macho yale ya mtoto, jinsi yalivyomwamini hata alipokuwa anamwambia uongo. Lakini Emily alikuwa ameshapiga na kuweka sauti ya nje.

"Halo? Emily?" Ilikuwa sauti ya mama mzee, na kuku nyuma yake. "Ngoja. Yuko hapa mlangoni. Lazaro! Lazaro, njoo, ni simu yako."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha pumzi za mtoto, karibu sana.

"Lazaro," Kageha alisema. "Ni mimi, Teacher Kageha. Habari yako?"

Pumzi.

"Nimekukumbuka. Hata Shitanda anakuulizia. Huko kuna ng'ombe? Wanakohoanga?"

Pumzi zikakatika kidogo, kama mtu anayetaka kucheka akajizuia. Emily alimkamata Kageha mkono.

"Mnacheza nini huko na binamu zako?"

Kuku walilia karibu na simu. Halafu ile sauti ikaja, ndogo, safi, sauti ambayo hakuna mtu alikuwa ameisikia kwa muda mrefu.

"Mimi sichezangi, Teacher."

"Kwa nini, Lazaro?"

"Mimi ni kijana mzuri sasa." Akangoja. Aliposikia hakuna anayejibu, akauliza, kwa adabu, kama anayeomba ruhusa ya kutoka nje: "Sasa mama atakuja kunichukua lini?"

Kageha alimtazama Emily. Emily aliziba mdomo kwa kiganja. Kwa hiyo ni Kageha aliyepaswa kusema, na hakutaka kumdanganya tena mtoto huyo, na ukweli hakuwa nao.

"Mama yuko hapa, anakusikia," alisema tu.

"Baba," Emily alinong'ona, vile akina mama wa huko wanavyowaita watoto wao wa kiume. "Karibu nakuja, baba. Karibu."

"Kesho?"

"Karibu."

Simu ikagongwa na kitu, labda iliwekwa mezani. Walisikia nyayo zikikimbia, kisha yule mama mzee akirudi kusema ametoka nje, ameenda na wenzake, angalau leo ameongea, Mungu ni mwema, ameongea. Emily alimshukuru, akakata.

Alirudisha simu mfukoni, akafunga vifungo vya koti vyote hadi juu, ingawa kulikuwa na joto.

"Ungekuwa wewe," alisema, "ungefanya nini, Mwalimu?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mteja anavyomuuliza yeye dukani, akiwa na mnyama mgonjwa nyumbani, akitaka tu aambiwe jina la dawa. Kageha alimshika mikono. Ilikuwa baridi, na ilikuwa na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alisimama akiishika, akijaribu kutafuta neno moja ambalo lingemfaa, na walikuwa bado wamesimama hivyo msaidizi alipochungulia mlangoni kusema kwamba uji umepoa na watoto wanamngoja.